Mwaka Nilioitwa Nge

Nilipoambiwa Bi Zuhura amefariki, jambo la kwanza nililofanya ni kumaliza pindo la pazia lililokuwa kwenye cherehani. Aliyenipigia simu ni kijana wa Majengo asiyejua lolote lililopita baina yetu; alichojua ni kwamba zamani tulikaa nyumba moja, akaona ni vyema nipate habari. Nikasema innalillahi kama inavyopasa, nikamshukuru, nikarudi kwenye pindo langu. Wasichana wawili wanaonisaidia hapa dukani kwangu, mtaa wa Fedha, walinisikia, wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia amekufa mama mmoja aliyeninyima mume. Wakacheka, maana wameuzoea ulimi wangu, na hawakujua kwamba safari hii sikuwa natania. Nilikuwa na hasira na maiti, jambo ambalo dini hairuhusu na mvi zangu haziruhusu pia, lakini hasira nilikuwa nayo, na nililala na kuamka nayo nikijiuliza kama nitakwenda hitimani au nitatuma salamu tu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na nilijiona mtu mzima kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kushona. Tulikaa Majengo ya Nairobi, katika nyumba ya udongo na bati yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye bafu, choo, mfereji na mahali pa kupikia pa wote. Mimi na mama yangu tulikuwa na chumba kimoja mkono wa kushoto. Bi Zuhura na mwanawe Idrisa walikuwa na viwili mkono wa kulia, mlango wao ukielekea wetu. Kati yetu palikuwa na mapazia mawili na upana wa ukumbi, na anayezijua nyumba za Majengo atakuambia kwamba hapo hakuna siri. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea rehema. Kwa hiyo niliyajua mambo ya Bi Zuhura bila kuelezwa. Nilijua kwamba alikuwa amezika mume na watoto wawili, na kwamba Idrisa ndiye aliyembakia. Nilijua anavyoamka kabla ya adhana kukanda unga wa mahamri aliyoyauza barazani pamoja na mbaazi za nazi, na kwamba alitia iliki kwa mkono mzito hata kanga zake zote zikawa zinanukia iliki. Akitaka mtu wa kumwonjea chumvi hakumwita mwingine. “Safia, njoo unionjee, ulimi wangu umekufa,” alikuwa akisema, nami navuka ukumbi na kula sehemu nzuri ya sufuria kabla ya kumjibu kwamba chumvi imekaa sawa.

Idrisa alikuwa akifanya kazi katika duka la jumla la vitambaa huko Eastleigh. Jioni alirudi na vipande vilivyobaki, akaviweka mlangoni petu bila kubisha hodi, nami nikavigeuza foronya na vitambaa vya meza. Hakuwa mzuri wa sura, na sitamtia uzuri leo kwa kuwa nilimpenda. Masikio yake yalikuwa makubwa na alitembea ameinama kama anayetafuta sindano. Lakini alikuwa na namna ya kukusikiliza iliyokufanya ujione una akili. Tulizungumza penye mfereji uani, kila mmoja na ndoo yake, na ndoo zilijaa na kufurika mpaka wapangaji wakatupigia kelele kwamba tunamaliza maji. Hakuwahi kuniambia kwa kinywa chake kwamba atanioa. Hilo nimelikumbuka juzi tu. Miaka yote hii nilikuwa nasadiki kwamba alisema. Aliyesema ni mama yake. Siku moja ya Ramadhani, amekalia mbuzi anakuna nazi na mimi napembua mchele, alinitazama akaniambia, “Wewe hutoki nyumba hii, mwanangu. Utavuka ukumbi tu.” Nililala na neno hilo usiku kucha, na nilipoamka nilikuwa tayari mke wa mtu, kwa upande wangu.

Mwezi wa tisa umeme ulikatika mtaa mzima, na baada ya Isha watu wa nyumba yetu walitandika mikeka uani kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Mwalimu Haji alikuwa amepita kunywa kahawa. Huyu ndiye aliyekuwa akisomesha madrasa nyuma ya nyumba yetu, na watu wazima walimwendea kuangaliwa nyota: mtu akitaka kuoa, kusafiri au kufungua duka, Mwalimu Haji hupiga hesabu ya jina lake na jina la mama yake, kila herufi na thamani yake, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kile kinachobaki kinamwonyesha nyota ya mtu huyo ni ipi. Giza lile lilimfurahisha. Alinyosha kidole juu ya bati la jirani, upande wa mjini, akatuonyesha Nge. Mpaka leo naweza kumwonyesha mtu. Yale ni magando yake, haya mabega, na mkia umepinda chini mpaka kwenye mwiba. Ile nyota nyekundu katikati, alisema, ni moyo wake. Mwezi huzunguka katika buruji zote kumi na mbili, yaani makundi ya nyota, na siku unapoingia kwa Nge hapana kuoa, hapana kufunga safari, hapana kuweka msingi wa nyumba. Mpangaji mmoja akamuuliza kwa nini watu wa mbinguni wamwogope mdudu anayeuawa kwa ndara. Mwalimu akamjibu kwamba simba unamwona akija, lakini nge humwoni mpaka umekwisha vaa kiatu. Kisha akatueleza kwamba nge jike huwabeba wanawe mgongoni, nao kwa njaa humla mgongo uo huo mpaka anakufa. Wanawake wakaguna. Bi Zuhura akasema, “Basi nge naye ni mama,” na watu wakacheka. Idrisa alikuwa ameketi mkabala nami na sikuweza kumwona uso. Nilikuwa na furaha usiku ule, furaha ambayo nikiifikiria sasa inaniudhi.

Kesho yake kazini nilimsimulia Wanjiru habari hizo. Wanjiru alikuwa rafiki yangu. Tulishona pamoja sare za shule kwa mwenye karakana mmoja Kariobangi, mashine zetu zikiwa bega kwa bega, katikati ya mlio wa nyundo za wafua mabati. Yeye alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini ukurasa wa nyota wa gazeti hakuuruka hata siku moja, na kwa hesabu ya gazeti, inayofuata siku ya kuzaliwa, alikuwa Nge. Alilipenda jambo hilo. Kwa watu wa gazeti Nge ni mtu wa mapenzi makali na siri nyingi, na kila wiki alikuwa akiahidiwa barua au mgeni. Tena alikuwa na hadithi aliyoisoma katika jarida: zamani za Wayunani palikuwa na mwindaji aliyejitapa kwamba atamaliza wanyama wote wa ardhini, na ardhi ilipochoka na majigambo yake ikamtoa nge mdogo kutoka shimoni akamuuma kisigino akafa. Wote wawili wakapandishwa mbinguni, lakini wakatengwa, ndiyo maana Nge akichomoza mwindaji anatua. Wanjiru alisema nge huyo alifanya kazi nzuri, maana wanaume wa namna hiyo ni wengi hata Kariobangi. Tulicheka mpaka mwenye karakana akaja kusimama nyuma yetu. Nilidhani nyota ni mambo ya kupigia soga watu wakishona.

Posa ililetwa mwezi uliofuata. Bi Zuhura aliivusha ukumbi mwenyewe pamoja na wanawake wawili wa mtaa, sinia limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, ndani mna kanga doti mbili, udi, na halua ya kuagizwa Mombasa. Mama yangu alijifanya ameshangaa, kwa adabu, kama kwamba hakuwa ameisikia halua ile ikifunguliwa na kufungwa upande wa pili tangu asubuhi. Likawa limebaki jambo moja, ambalo watu wa Majengo wa wakati ule hawakuliruka: majina yapelekwe kwa Mwalimu. Mimi sikuwa na wasiwasi. Wala mama hakuwa nao. Alisema nyota huangaliwa kwa heshima tu, kama vile mgeni anavyoulizwa habari za kwao hata kama unazijua. Idrisa ndiye aliyeyapeleka, Safia binti Fatuma na Idrisa bin Zuhura, na Mwalimu akaahidi kuleta majibu siku ya Alhamisi baada ya Alasiri.

Alhamisi hiyo nilirudi kutoka kazini mapema nikajitia kufagia ukumbi. Mwalimu alikuwa ameshaingia sebuleni kwa Bi Zuhura, na pazia lilikuwa limeshushwa. Nilisikia kikombe kikiwekwa katika kisahani, kisha sauti ya Mwalimu, ambayo kwa kawaida ilikuwa kubwa, ikasema kwa chini, “Hesabu ya binti imeangukia Akrabu. Ni Nge.” Bi Zuhura akauliza na mwanawe je. “Idrisa ni Hutu, Samaki.” Nikasimama na ufagio mkononi. Bi Zuhura akauliza tena, polepole, maana yake ni nini. Mwalimu akasema, “Mimi nimekwambia nilichokiona. Nge ni nge, Bi Zuhura. Wewe ndiye mama.” Nilingoja Idrisa aseme neno. Nilijua yumo ndani, nilikuwa nimeviona viatu vyake mlangoni. Nilingoja kwa moyo wote, na nilichosikia ni kukohoa kwake. Halafu Bi Zuhura akasema, na sauti yake haikuwa sauti niliyoizoea, “Nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Huyu sina nguvu ya kumzika.”

Sinia lilirudishwa kwao siku ya pili, na aliyelifuata ni Bi Zuhura mwenyewe. Alikuwa akilia. Alimwambia mama kwamba ni amri ya nyota wala si yake, na kwamba Safia ni mwanawe kama kawaida. Mama, ambaye hakujua kugombana na mtu, alimpa sinia na kila kilichokuwamo, hata kanga niliyokuwa nimekwisha kuikunja pindo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimegeukia ukuta. Nilisema bila kugeuka kwamba mwanawe ana mdomo, kama ana neno aje alilete mwenyewe. Idrisa hakuja. Alihamia Eastleigh, akawa analala dukani, na akija kumwona mama yake alikuja wakati anaojua niko kazini. Wanjiru nilipomweleza aliacha mashine akanikazia macho. “Safia, kwani nyota ndiyo itapika na kulala kwa hiyo nyumba?” akasema. “Huyo boy ako na mdomo. Alikuwa hapo ndani. Mbona hakusema kitu?” Nikamwambia hajui mila zetu, asijitie. Sikusema naye mpaka sare za muhula zilipokwisha, na kazi ya bega kwa bega bila kusemezana ni kazi ngumu. Yeye ndiye aliyekuwa ameona sawasawa, kwa kusikia mara moja tu, na mimi niliyekuwa ukumbini sikuona.

Mtaa haukukawia kupata habari. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini langu lilichaguliwa vizuri mno. Watoto walioniita dada waliniita Mama Nge, kwanza nikiwa nimepita, kisha nikiwa bado naja. Wanawake walikumbuka mambo: kwamba kuku wa jirani alikufa siku niliyomlisha, kwamba mtoto wa fulani alipata homa baada ya kupakatwa nami. Hakuna aliyenifukuza wala kunitukana wazi. Watu wa Majengo ni waungwana, wanakutenga huku wakikuuliza hali. Nge wa gazeti la Wanjiru aliahidiwa barua na wageni, mimi nikaahidiwa kaburi la mume. Na kilichonichoma zaidi ni sauti iliyokoma. Bi Zuhura hakuniita tena kuonja. Asubuhi nilipokwenda bafuni nilipita mlango wake, iliki inanukia, vijiko vinalia, naye akinisikia napita ananyamaza. Nilikuwa nikimkosa kuliko nilivyomkosa mwanawe, na sikuwa na mtu wa kumwambia jambo kama hilo, kwa kuwa nani atakuelewa ukimwambia umeachwa na mama mkwe?

Mwaka haujaisha Idrisa akaoa. Mke alikuwa jamaa ya mwenye duka lake, msichana wa Eastleigh mwenye sauti ndogo, na nyota yake, tuliambiwa, ni Mizani. Kwa kuwa tulikuwa nyumba moja haikuwezekana nisisaidie. Ningejifungia ingesemwa nimeumia, na kuumia kwangu sikutaka kumpa mtu aonje. Nilitoka uani na kisu changu asubuhi ya pilau. Nilikuwa nimekaa penye sinia la mchele pamoja na wenzangu nikichambua chuya, mkono wangu umezama katika punje, wakati shangazi yake Idrisa aliyetoka Mombasa alipokuja kunishika bega. Alisema kwa upole sana, “Wewe mwanangu hamia kule kwa vitunguu. Mchele wa harusi tuwaachie wenye nyota njema.” Nikainuka. Nilipangusa viganja kwenye leso, nikahamia kwa vitunguu, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinua macho. Bi Zuhura alikuwa amesimama penye moto na mwiko. Alisikia, na hakusema lolote, na hilo ndilo nililokwenda nalo miaka yote iliyofuata. Vitunguu vile nilivimenya vyote, gunia zima, na sikutoa chozi.

Tangu siku hiyo nilianza kulivaa jina. Mtu akiniita Nge niliitika, nikamwuliza anaumwa wapi. Ulimi ambao wasichana wa dukani kwangu wanaufurahia leo niliunoa mwaka ule, na uliniletea riziki, kwa kuwa mwanamke anayeogopwa hapunjwi sokoni. Lakini ukivaa nguo kwa muda mrefu unasahau kwamba ulivalishwa. Mwaka uliofuata alikuja Kasimu, fundi wa vitanda wa Gikomba, mtu mpole mwenye vumbi la mbao nyusini, akamwambia mama kwamba yeye hajali nyota. Nilimpenda. Nasema wazi hapa kwa mara ya kwanza: nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda yule wa mfereji. Na kwa sababu nilimpenda nilimkataa, maana nilikuwa nimekwisha kuamini. Nilimwona ameanguka kutoka kwenye rundo la mbao, nilimwona amegongwa na lori, kila nilipofumba macho nilimwona amefunikwa shuka nyeupe na mimi ndiye sababu. Nilimwambia sina haja naye. Wiki iliyopita nilimwona Gikomba, amekonda lakini ni mzima, wajukuu wanamvuta kanzu. Sikuolewa na yeye wala na mwingine.

Kitu kimoja kilinifungua macho, au nilidhani kimenifungua. Miaka ilikuwa imepita na nilikuwa nimefungua duka langu dogo la mapazia, akaja mteja mmoja mama wa Lamu, mtu wa kusoma vitabu. Tukaongea hili na lile, nikamtania kwamba ajihadhari, anapimiwa kitambaa na Nge. Akaniuliza huyo mchumba alikuwa nyota gani. Nikamwambia Samaki. Akacheka. Akasema nyota kumi na mbili zimegawanyika katika moto, udongo, hewa na maji. Nge ni maji na Samaki ni maji, na hakuna mwalimu wa falaki, hata mwanafunzi wake, asiyejua kwamba maji na maji hupatana. “Nyinyi mlikuwa mnaandamana, mwanangu,” akasema. “Aliyewatenga hakuwa nyota.” Nilimaliza kumpimia kitambaa, akaenda zake, nikafunga duka mchana. Tangu hapo sikuwa na shaka: Bi Zuhura alikuwa amebadili nia, alitaka mkwe wa Eastleigh mwenye jamaa wenye maduka, akamwomba Mwalimu amkingie kifua. Yale machozi yake nikayaweka katika hesabu ya unafiki. Niliwahi kumwona mara mbili tatu sokoni, akiniona anageuza njia, na kila alipogeuza nilizidi kuwa na hakika.

Kwa hiyo nilikwenda hitimani ili nimwone akiwa hana njia ya kugeuza. Sijivunii jambo hilo. Nyumba ya udongo haipo siku hizi, pamejengwa ghorofa, na msiba ulikuwa katika orofa ya tatu, wanawake wamejaa chumbani, juzuu zinasomwa, harufu ya pilau inapanda kutoka chini. Mke wa Idrisa alinipokea kwa mikono miwili. Ni mtu mzima sasa, sauti yake bado ndogo. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu wakati mtoto mmoja aliponiambia nahitajika nje. Idrisa alikuwa kwenye ngazi, ameegemea ukuta, ndevu nyeupe, masikio yaleyale. Nilitegemea moyo wangu ushtuke na haukushtuka.

Alinisalimu, nikamwitikia na kumpa pole. Kisha akasema mama yake alikuwa ameacha wasia, na kwamba hawezi kuukalia kwa sababu aliapishwa. Alizungumza akitazama chini, na niliyoyasikia nayaeleza kwa ufupi kwa kuwa yeye aliyarefusha. Mama yake hakuwa amebadili nia. Aliyebadili ni yeye Idrisa, kama kweli aliwahi kuwa na nia. Alikuwa amekwisha mpenda msichana wa Eastleigh kabla ya Ramadhani ile, na hakuweza kumwambia mama yake, kwa jinsi mama huyo alivyonipenda mimi. Alipopewa majina ayapeleke, alimwomba Mwalimu Haji amwokoe. Mwalimu alikataa kudanganya hesabu. Lakini hesabu ilipotoka Nge, Idrisa alimsihi ataje Nge na anyamaze hapo hapo, asiseme habari ya maji, kwa kuwa alijua mama mwenye makaburi matatu hatauliza zaidi.

“Mama hakujua,” akasema. “Alijua miaka mingi baadaye, Mwalimu alipougua akamwita akamwambia. Hakusema nami mwaka mzima. Alitaka kuja kwako, Safia. Kila mara alisema atakuja, halafu anasema atakutazama kwa macho gani.”

Nilishika chuma cha ngazi. Ndiyo kusema Bi Zuhura alipokuwa akigeuza njia sokoni alikuwa akiona haya, na mimi nikadhani ni kiburi. Ndiyo kusema Kasimu nilimkataa bure. Nilitaka kusema jina la Kasimu pale pale kwenye ngazi, nikaona huyu hastahili hata kulisikia. Chini yetu mtu alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria.

“Nimekuja kukuomba radhi,” akasema Idrisa. “Umsamehe marehemu. Na unisamehe na mimi.”

“Mama yako nimemsamehe, hapa hapa, dunia na akhera,” nikamwambia. “Na akiwa na haki kwangu naye anisamehe, maana nimemdhulumu kwa moyo wangu miaka mingi. Lakini wewe, Idrisa, bado u mzima. Siku utakapokufa, waje waniulize.”

Alifungua mdomo, nikangoja, kama nilivyongoja siku ile ukumbini. Akakohoa. Nikampita, nikapanda, nikavua viatu mlangoni nikaingia kwa wanawake. Walinisogezea nafasi ukutani, karibu na kitanda cha marehemu kilichokunjwa godoro. Nikaketi chini, nikajifunika mtandio usoni, nikamlilia Bi Zuhura kwa sauti, mtu pekee wa upande ule wa ukumbi aliyekuwa amenitaka.